Kampuni inapopata hasara, kiongozi awaambie nini wafanyakazi wake, na yeye mwenyewe ajistahimilishe vipi?

Mwanzilishi:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaongoza kampuni ndogo niliyoianzisha mwenyewe, na hivi karibuni mteja wetu mkubwa, ambaye peke yake alikuwa akituletea karibu nusu ya mauzo, ameamua kutohuisha mkataba. Sababu zake zilitokana na mabadiliko ya ndani kwake na si ubora wa kazi yetu, lakini kwetu matokeo ni yale yale: mapato hayatoshi tena kubeba gharama, na akiba iliyoko benki inapungua kila mwezi. Wafanyakazi wanajua kwamba mteja huyo ameondoka, ila hawajui hali ya fedha ilivyo.

Nina maswali mawili. La kwanza ni kiasi gani cha ukweli niwaeleze. Mshauri mmoja ameniambia kwamba nikisema yote, wale hodari ndio watakaoondoka kwanza, kwa kuwa ndio wanaopata kazi kwingine kwa urahisi. La pili linanihusu mimi binafsi. Usingizi umepungua, ninakasirika upesi, na nimekuwa nikiamini kwamba kiongozi hapaswi kuonekana ametikisika, hivyo mzigo wote nimeubeba peke yangu. Ninaomba ushauri wa watu waliolitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu maneno ya kutia moyo peke yake nimeshayasikia ya kutosha.

Mhasibu:

Ndugu Mwanzilishi, kabla ya kufikiria utasema nini, hakikisha unaijua hali yenyewe kwa tarakimu. Viongozi wengi huangalia taarifa ya faida na hasara ya mwezi uliopita, ilhali kinachoiangusha kampuni ni kukosa fedha taslimu siku ya kulipa. Kampuni inaweza kuwa na faida vitabuni na bado ikashindwa kulipa mishahara, kwa kuwa mauzo yameandikwa lakini wateja hawajalipa ankara zao.

Andaa makisio ya fedha taslimu ya majuma 13, yaani robo mwaka, juma kwa juma. Upande mmoja weka fedha unazotarajia kupokea, ukifuata siku ambayo kila mteja hulipa kweli na si tarehe iliyoandikwa kwenye ankara. Upande wa pili weka mishahara, kodi, pango, marejesho ya mkopo na malipo ya wauzaji. Kila juma likiisha, linganisha makisio na yaliyotokea, kisha ongeza juma jipya mwishoni. Wataalamu wa kuokoa kampuni zilizo taabani huanza na zana hii, na thamani yake kubwa ni kwamba inakuonyesha mapema juma ambalo fedha zitakosekana, wakati bado unaweza kwenda kuzungumza na benki na wauzaji ukiwa na la kuwapa.

Mfano wa Lego unafaa kuangaliwa na kila aliye katika hali yako. Mwaka 2003 kampuni hiyo ya Denmark, inayotengeneza vipande vya plastiki vya watoto kuchezea na kujengea, ilikuwa ikipata hasara kubwa, na Jørgen Vig Knudstorp, ambaye wakati huo alikuwa bado afisa kijana wa mipango, aliwaeleza wakuu wake wazi jinsi hali ilivyokuwa mbaya. Alipofanywa mkurugenzi mtendaji mwaka 2004 hakuanza na dira ya kupendeza. Alianza kwa kuzuia fedha zisiendelee kuvuja. Mwaka uliofuata kampuni iliuza sehemu kubwa ya umiliki wa bustani zake za burudani za Legoland, na idadi ya aina za vipande, ambayo ilikuwa imepita 12,000, ikapunguzwa sana, kwa sababu kila umbo jipya lilidai kalibu yake yenye gharama kubwa. Mipango ya ukuaji ilikuja baadaye, kampuni ilipokuwa na uhakika wa kuendelea kuwapo.

Meneja wa Uzalishaji:

Ninakubaliana na Mhasibu kuhusu tarakimu, lakini nadhani swali la kwanza linahitaji jibu la moja kwa moja: waeleze. Hoja kwamba walio hodari wataondoka wakiujua ukweli inasahau kwamba watu hao ndio wanaosoma dalili kabla ya wengine. Wameshaona kwamba oda zimepungua na kwamba manunuzi yanacheleweshwa. Usipowaeleza, pengo hilo litajazwa na uvumi, na siku zote uvumi huwa mbaya kuliko hali yenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Mtazame Kazuo Inamori. Shirika la ndege la Japan Airlines liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Januari 2010, likiwa na madeni ya takribani yeni trilioni 2.3, na mwezi uliofuata Inamori, mwanzilishi wa kampuni ya Kyocera, alianza kuliongoza akiwa na umri wa miaka 78 na bila kupokea mshahara. Alileta utaratibu aliokuwa ameujenga Kyocera kwa miaka mingi: shirika liligawanywa katika vitengo vidogo, kila kitengo kikawa na hesabu zake, na wakuu wa vitengo wakatakiwa kueleza tarakimu zao mbele ya wenzao kila mwezi. Gharama haikuwa tena siri ya idara ya fedha. Mtu anayeona kwa macho yake kwamba kitengo chake kinakula fedha kuliko kinavyoingiza hahitaji kuhimizwa abane matumizi. Atatafuta njia mwenyewe, na mara nyingi ataiona njia ambayo mkubwa wake asingeiona. Mwezi Septemba 2012 hisa za shirika hilo zilirudi sokoni.

Ni haki pia kusema kwamba uwazi huo haukufanya kazi hiyo peke yake. Takribani ajira 16,000 zilipunguzwa, chombo cha serikali kiliingiza yeni bilioni 350, na wadai walisamehe zaidi ya yeni bilioni 500. Ninalisema hili kwa sababu sipendi simulizi za uongozi zinazomfanya mtu mmoja aonekane kama aliinua mlima kwa mikono yake, na kiongozi wa kampuni ndogo akizisoma hivyo atajilaumu bure.

Utakapozungumza, sema mambo matatu: unachokijua, usichokijua bado, na siku utakayozungumza nao tena. Kisha siku hiyo ikifika uzungumze, hata kama huna jipya. Usiahidi kwamba hakuna atakayepoteza kazi, kwa maana ahadi hiyo ikivunjika, hakuna neno lako jingine litakaloaminiwa.

Mwanasheria wa Kazi:

Naomba kuongeza mpaka mmoja. Wafanyakazi wanastahili kuujua ukweli kuhusu hali ya kampuni, lakini mazungumzo yanayoendelea na benki au na mnunuzi yanaweza kuwa na masharti ya usiri, na mshahara wa mtu mmoja mmoja si jambo la kutangazwa mbele ya wengine. Ukiulizwa juu ya hayo, jibu kwamba huruhusiwi kulizungumzia, usitunge jibu. Sheria za taratibu za kupunguza wafanyakazi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo zisome kabla hujatamka neno lolote linaloweza kuchukuliwa kuwa ni notisi.

Mshauri Nasaha:

Mmelijibu vizuri swali la kwanza, nami ningependa tusilipite haraka la pili, kwa sababu kiongozi aliyechoka hufanya maamuzi mabaya hata akiwa na tarakimu sahihi.

Ndugu yangu, dhana kwamba mtu mstahimilivu ni yule anayebeba peke yake haiungwi mkono na utafiti. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Miongoni mwa wale waliokulia katika mazingira magumu zaidi, yenye umaskini na mifarakano ya kifamilia, takribani theluthi moja walikua na kuwa watu wazima wenye uwezo na utulivu. Mojawapo ya mambo yaliyowatofautisha ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa karibu aliyewajali kwa uthabiti. Wewe si mtoto, lakini kanuni hiyo inakuhusu: ustahimilivu hujengwa baina ya watu. Tafuta mtu mmoja asiye mfanyakazi wako wala mdai wako, ambaye unaweza kumweleza yote bila kuchuja.

Kuhusu usingizi na hasira, Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoidhinishwa mwaka 2019, linaeleza uchovu uliokithiri unaotokana na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Chanzo kinachotajwa ni msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Uchovu huo hauhesabiwi kuwa ugonjwa, lakini wala si jambo la kupuuza. Usingizi ukiendelea kukosekana, muone daktari. Na wakati huohuo usifanye uamuzi usioweza kurudishwa nyuma, kama kumfukuza mtu au kusaini mkopo mpya, usiku au katika saa ya hasira. Uahirishe hadi asubuhi.

Mwanzilishi:

Nawashukuru kwa dhati. Nimeanza kuandaa makisio ya majuma 13, na tayari nimeona juma ambalo tutapungukiwa, jambo ambalo taarifa ya mwezi haikunionyesha. Nitaitisha mkutano wa wafanyakazi wote nikishazungumza na benki. Limebaki swali moja: ikiwa italazimu kupunguza watu wachache, niwatangaze katika mkutano huohuo?

Meneja wa Uzalishaji:

Hapana. Taratibu za kisheria alizozitaja Mwanasheria zikishatimia, zungumza na kila mmoja wao faraghani kabla ya mkutano, siku hiyohiyo, na uende wewe mwenyewe, usimtume msaidizi. Mweleze sababu, stahili zake, na tarehe atakayolipwa. Ndipo uwakabili waliobaki, kwa maana jambo la kwanza watakalotaka kujua ni jinsi wenzao walivyotendewa.