Naomba ushauri: nipange vipi malengo ya kazi yaendane na hulka na uwezo wangu?

Mwanzisha uzi:
Habari za humu wakuu. Nina miaka 27, ni mhasibu. Kila tathmini ya mwaka naulizwa lengo langu la miaka mitano, na jibu linalosubiriwa ni umeneja. Mimi ni mkimya, napenda kuchimba hesabu mpaka nijue kosa limeanzia wapi, ila vikao vya kutwa nzima vinanichosha. Nimefanya jaribio la hulka mtandaoni, likanipa herufi nne na orodha ndefu ya kazi zisizohusiana. Nilifuate, au nikubali tu umeneja? Naomba hatua za kufanya, kutiwa moyo kutakuja baadaye.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo kuna mambo matatu yamechanganyika: unachopenda, unachoweza, na hulka yako. Kila kimoja kinapimwa kivyake.

Mfumo wa herufi nne uliandaliwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kutokana na mawazo ya daktari wa akili Carl Jung. Udhaifu wake ni kugawa watu katika makundi mawili, ama mkimya ama mchangamfu, ilhali wengi wetu tuko katikati. Aliye katikati akibadilisha majibu mawili matatu, herufi inageuka. Usiutumie kuchagua kazi.

Kwa unachopenda, tumia makundi sita ya mwanasaikolojia John Holland, aliyeanza kuyaeleza mwaka 1959: vitu na vifaa, uchunguzi, ubunifu, kuhudumia watu, kushawishi na kuongoza, na utaratibu wa kumbukumbu. Tovuti ya O*NET, inayodhaminiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani, ina dodoso la bure la maswali 60. Jibu kama ungependa kuifanya shughuli yenyewe, bila kuwaza mshahara wala kama umeisomea. Wengi wanaharibu hapo, wanachagua chenye heshima. Kisha tazama makundi matatu ya juu, usishike moja tu. Kwa maelezo yako nategemea uchunguzi na utaratibu vitangulie. Ila kumbuka dodoso hilo halipimi uwezo, na kupenda uchunguzi hakukufanyi mchunguzi mzuri.

Mchangiaji wa pili:
Uwezo utaupata kwenye daftari. Siku 10 za kazi, kila shughuli mstari mmoja wenye sehemu nne: kitenzi, dakika, alama ya nguvu kuanzia -2 (imekuchosha sana) hadi +2 (imekupa nguvu sana), na ushahidi wa matokeo. Mfano:

"Kulinganisha salio la benki na vitabu, dakika 90, +2, malipo yaliyorudiwa yameonekana kabla ya kufunga mwezi."
"Kikao cha bajeti, dakika 120, -2, hakuna kilichoamuliwa."

Andika palepale shughuli inapokwisha. Ukisubiri Ijumaa jioni utaandika hasira za Ijumaa. Na usiandike "kazi za ofisi", maana hilo halikuambii chochote.

Kwenye kila alama hasi jiulize: kilichonichosha ni kazi, au namna ilivyoendeshwa? Kikao kisicho na ajenda kinamchosha hata mchangamfu. Weka herufi K kwa kazi, M kwa mazingira. Alama za M zinatibika kwa kubadilisha ratiba au ofisi, za K ndizo ziguse malengo yako.

Nakusihi uangalie sana mistari yenye ushahidi mzuri lakini alama hasi. Hizo ndizo bosi atazidi kukurundikia kwa sababu unaziweza, na baada ya miaka michache cheo chako chote kinakuwa kimejengwa juu ya kazi usiyoitaka.

Mchangiaji wa tatu:
Sasa upande wa kazi yenyewe. Kusanya matangazo 10 hivi ya nafasi unayoiwazia, pigia mstari vitenzi tu, hesabu vinavyojirudia. Halafu mtafute anayeishika nafasi hiyo. Usimuulize kama anaipenda, muulize Jumatatu iliyopita alifanya nini saa kwa saa. Tangazo linaweza kusema "kuchambua" kumbe muda mwingi unaisha kufukuzia watu walete taarifa. Kwa kipimo changu, saa za shughuli zako za +1 na +2 zikiwa chini ya nusu ya wiki, nafasi hiyo haikufai hata kama inalipa vizuri.

Mwanzisha uzi:
Asanteni sana. Kwa hiyo mkimya aachane na umeneja?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapana. Uchambuzi wa watafiti Barrick na Mount wa mwaka 1991 uliona kwamba uangalifu na kujituma vinaendana na utendaji mzuri karibu katika kila aina ya kazi. Uchangamfu ulisaidia kwenye mauzo na umeneja, lakini kwa kiasi kidogo. Kusimamia wahasibu watatu, kila mmoja nusu saa kwa wiki, si sawa na kuongoza idara ya watu 50. Omba kumkaimu aliye likizo, au kumsimamia mwanafunzi wa mafunzo kazini kwa wiki sita, na daftari liendelee. Hapo utajua kinachokuchosha ni watu au ni wingi wao.

Mchangiaji wa nne:
Kwenye tathmini usiseme "sitaki umeneja", itasikika kama huna hamu ya kupanda. Peleka lengo lenye saa ndani yake: "Ndani ya miezi 18 niongoze ukaguzi wa ndani wa manunuzi, theluthi mbili ya muda wangu iwe uchunguzi na ripoti, na nimfundishe mtu mmoja." Ukaguzi wa ndani na uchunguzi wa udanganyifu wa fedha vina ngazi zake za kupanda. Ila huko utawahoji watu wasiotaka kuhojiwa, kwa hiyo omba kushiriki ukaguzi mmoja kabla hujalipia mitihani yoyote ya taaluma hiyo.

Mwanzisha uzi:
Naanza daftari Jumatatu. Simu na ujumbe unaonikatiza katikati ya hesabu niuandike wapi?

Mchangiaji wa pili:
Mstari wake peke yake, alama M, pamoja na dakika ulizotumia kurudi pale ulipoachia. Usipoutenga, utaipa hesabu alama hasi isiyostahili.