Kikosi cha Strat-O-Matic kwa mashindano ya kazini: Ozzie Smith au Robin Yount? Na kushoto nimweke nani?

mpigadadu_columbus
Wakuu, habari za usiku. Nipo Ohio, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Tupo wanane tunaocheza Strat-O-Matic, ule mchezo wa kuiga mechi za besiboli, wakati wa mapumziko ya chakula. Jumamosi ya wiki ijayo tuna mashindano, vikosi vinawasilishwa Jumatano. Mbongo ni mimi peke yangu. Wenzangu wamekua na besiboli, wanawajua hawa wachezaji kama sisi tunavyowajua wa Simba na Yanga. Tangu Machi nimeshinda mechi mbili tu, na safari hii nataka kufika nusu fainali.

Nafasi sita nimejaza. Zimebaki mbili zinazoninyima usingizi:

Shotistopu (mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu): Ozzie Smith 1987 au Robin Yount 1982.
Uwanja wa kushoto: Rickey Henderson 1985, Dave Kingman 1979 au Vince Coleman 1986.

Nani na nani? Naomba majibu ya watu waliokwisha kucheza.

babu_wa_beisi_ya_tatu
Mdogo wangu, hilo swali halijibiki hivyo. Mnacheza upande upi wa kadi, ule rahisi au ule unaotenganisha mrushaji wa kushoto na wa kulia? Warushaji mnachagua wenyewe au mnapangiwa? Hao sita ni akina nani? Na masharti ya kuchagua ni yapi? Maana kama ni huru, kila mtu angemweka Babe Ruth wa 1921 tukaenda kulala.

kibibi_nakuru
Kingman bila kusita. Homurani 48, mipira ya kutoka nje ya uwanja, msimu ule akiwa Chicago Cubs! Hizi mechi za mapumziko ya chakula ni fupi, hakuna muda wa kumsukuma mtu beisi moja moja. Mpira ukitoka nje umetoka.

nassor_muscat
Samahanini wakubwa, mimi mgeni wa mambo haya. Huu ni mchezo wa kompyuta?

dada_worcester
Karibu kaka Nassor. Toleo la kompyuta lipo, lakini wenyewe hasa ni wa mezani. Kila mchezaji ana kadi iliyotengenezwa kutokana na takwimu zake za msimu mmoja wa kweli. Unarusha dadu tatu, moja nyeupe na mbili za rangi nyingine. Nyeupe ikitoa 1, 2 au 3, unasoma safu ya namba hiyo kwenye kadi ya mpigaji. Ikitoa 4, 5 au 6, unasoma kadi ya mrushaji. Zile mbili unazijumlisha, unapata mstari, kuanzia 2 mpaka 12. Ndiyo maana ukipewa kadi, jambo la kwanza unatazama kimeandikwa nini kwenye 6, 7 na 8. Katika njia 36 za dadu mbili, 7 ina njia sita, 2 ina njia moja tu. Hal Richman wa New York ndiye aliyeubuni, ukaanza kuuzwa 1961.

lancaster_tu
Na wa kwanza ni APBA, ulikuwepo tangu 1951, Lancaster, Pennsylvania. Dadu mbili tu, kubwa nyekundu na ndogo nyeupe, unazisoma moja baada ya nyingine kuanzia 11 hadi 66. Mrushaji anapewa daraja A, B, C au D, basi. Mechi nzima unaimaliza huku chai haijapoa. Kwa watu wenye mapumziko ya nusu saa ningewashauri wahamie huko kabla hata ya kujadili Ozzie.

babu_wa_beisi_ya_tatu
Lancaster, kila uzi unatupeleka APBA. Mimi nimeucheza na ninauheshimu, ila pale mrushaji ni herufi. Kwenye Strat nusu ya rusha zinakwenda kwenye kadi yake, unamwona kabisa ana nini na hana nini. Tumwache kijana apate jibu lake. Columbus, masharti?

mpigadadu_columbus
Samahani babu, nilikuwa zamu. Masharti ni haya. Kadi za misimu ya 1970 hadi 1989 tu. Hakuna wachezaji wawili wa timu moja. Mrushaji anapiga mwenyewe, hakuna wa kumpigia. Upande wa kadi ni ule wa kushoto na kulia. Warushaji hatuchagui, wapo wanane kwenye kofia na kila mechi tunachota. Watano ni mashoto, wakiwemo Ron Guidry 1978 na Steve Carlton 1972. Dwight Gooden 1985 ni mmoja wa wale watatu wa kulia.

Sita wangu: Gary Carter 1982 (Montreal) mdakaji, Eddie Murray 1984 (Baltimore) beisi ya kwanza, Joe Morgan 1975 (Cincinnati) ya pili, Mike Schmidt 1980 (Philadelphia) ya tatu, César Cedeño 1972 (Houston) katikati, Tony Gwynn 1987 (San Diego) kulia.

babu_wa_beisi_ya_tatu
Sasa tunazungumza. Kwanza Ozzie na Coleman wote ni St. Louis, kwa hiyo hawakai pamoja. Na hata wangeruhusiwa, Coleman wa 1986 ningemwacha. Beisi 107 za kuiba, sawa, lakini alipiga kwa wastani wa .232, na kufika beisi alifika .301. Mtu haibi kabla hajafika, na yule hafiki. Henderson wa 1985 alifika .419, akaiba 80, akapiga homurani 24 na kuvuka nyumbani mara 146. Halafu ana kitu adimu: anarusha kwa kushoto lakini anapiga kwa kulia. Mpigaji wa kushoto hupata taabu kwa mrushaji wa kushoto, kofia yenu ina mashoto watano katika wanane, na tayari una Morgan na Gwynn wanaopiga kwa kushoto. Henderson kushoto, nafasi hiyo imeisha.

kibibi_nakuru
Kingman pia anapiga kwa kulia babu. Mashoto hawamtishi.

babu_wa_beisi_ya_tatu
Binti yangu, kweli, na kadi ile ni tamu kuisoma. Lakini alitolewa kwa straiki mara 131 mwaka ule, na glavu yake, yaani kudaka kwake, unaijua ilivyo mbovu.

dada_worcester
Hilo la glavu naomba niliseme kwa kirefu, kwa sababu mimi limenichoma.

Miaka miwili iliyopita nilifika fainali ya kikundi chetu cha hapa. Shotistopu nilimweka mtu wa bunduki, mpigaji hasa, lakini kwenye nafasi ile kadi yake ilisema 4. Kwa wageni: glavu hupimwa 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. Nilijiambia atakosea mara moja na atapiga mara tatu. Na kweli alinibeba, robo na nusu fainali alipiga homurani mbili.

Fainali, naongoza 4 kwa 3, kipindi cha tisa, wawili wameshatoka, wapinzani wana watu beisi ya pili na ya tatu. Narusha. Nyeupe 5. Bluu 4 na 2, jumla 6. Kadi ya mrushaji wangu, safu ya tano, mstari wa sita, pameandikwa shotistopu na ile herufi X. Maana yake mrushaji kafanya kazi yake, mpira umebingirika kwa mtu wangu, sasa glavu iamue. Narusha dadu ya pande 20. Ikagonga thamosi ya mwenzangu, ikarudi, ikasimama pembeni ya kadi. Tukafungua chati. Kwa mwenye 1, aut, mchezo umekwisha, nimeshinda. Kwa mwenye 4, mpira umepita. Wawili wakaingia nyumbani, 5 kwa 4.

Mwenzangu hakushangilia hata, alinisogezea chati nisome mwenyewe. Nilisoma ule mstari mara tatu. Tangu siku hiyo shotistopu wangu ni 1 au sichezi. Ozzie alichukua Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora uwanjani, mara 13. Mwekee Ozzie.

kibibi_nakuru
Pole sana dada, hiyo inauma. Lakini tupige hesabu. Kwenye kadi ya mrushaji nafasi za X za shotistopu ni 7 kati ya 108. Kadi ya mrushaji inasomwa nusu ya rusha, kwa hiyo ni 7 kati ya 216. Timu ikileta wapigaji 38 kwa mchezo, ni kama mara 1.2. Mpira mmoja kwa mchezo! Na siyo kila mpira ule Ozzie anaudaka Yount anaukosa. Yount naye ana Glavu ya Dhahabu ya 1982 hiyohiyo. Huku kwenye kupiga ana .331, homurani 29, na RBI 114 (pointi zilizoingia kwa kupiga kwake), wakati Ozzie ana homurani sifuri. Sifuri kabisa.

dada_worcester
Sifuri, lakini .303, kupewa beisi ya kwanza bure mara 89 na beisi 43 za kuiba. Na anapiga pande zote mbili, kofia ikitoa Guidry au Gooden kwake ni mamoja. Usimsome kama vile ni glavu tupu, mwaka ule alijua kupiga.

mpigadadu_columbus
Wakuu, nimekumbuka sharti moja sikulitaja. Kikosi kisizidi watu wawili waliochukua tuzo ya MVP (mchezaji bora wa ligi) msimu wa kadi.

babu_wa_beisi_ya_tatu
Columbus! Hilo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Morgan 1975 ni MVP. Schmidt 1980 ni MVP. Yount 1982 ni MVP. Umetukalisha siku mbili tunalinganisha mtu ambaye huwezi kumweka.

mpigadadu_columbus
Nisamehe babu. Lakini si naweza kumtoa Schmidt nikamwingiza Wade Boggs 1988? .366, na hakuwa MVP.

babu_wa_beisi_ya_tatu
Boggs anapiga kwa kushoto. Utakuwa na watatu wa kushoto mbele ya kofia ya mashoto. Guidry wa 1978 alishinda 25, akapoteza 3, ERA (wastani wa pointi anazofungwa kwa vipindi tisa) 1.74. Unataka kumpelekea Boggs huyo?

Ukitaka Yount kweli, beisi ya tatu mtafute Buddy Bell wa Texas, 1980. Anapiga kwa kulia, .329, homurani 17, Glavu ya Dhahabu mwaka uleule. Watu wanampita bila kumwona. Sasa linganisha jozi na jozi. Schmidt na Ozzie: homurani 48 na 0. Bell na Yount: 17 na 29, jumla 46. Karibu sawa! Wastani, Schmidt .286 na Ozzie .303, huku Bell .329 na Yount .331. Glavu za Dhahabu wote wanne. Unachopoteza ni mbio za Ozzie na ule uzito wa Schmidt wa kugeuza mchezo kwa rusha moja. Unachopata ni watu wawili wasio na shimo popote.

kibibi_nakuru
Sikuwa nimemfikiria Bell. Hiyo jozi nimeipenda kuliko ya kwanza. Kingman bado namdai lakini.

dada_worcester
Mimi Schmidt simtoi. Homurani 48 akiwa beisi ya tatu na glavu ile, kadi ya namna hiyo ukiipata unajenga kuizunguka. Babu, homurani zote kukaa kwa mtu mmoja siyo hasara. Unampanga wa nne, Henderson, Morgan na Gwynn wanamtangulia. Watatu hao wanajaza beisi, yeye anasafisha. Bell na Yount unawapanga wapi hata wakupe hilo?

lancaster_tu
Yount wa tatu, Murray wa nne, Bell wa tano. Inakaa vizuri tu. (Na kwenye APBA pia inakaa.)

nassor_muscat
Nimefuatilia tangu jana na nimevutiwa sana, hata nimetafuta maana ya Glavu ya Dhahabu. Nina swali la pembeni, nisamehewe. Nyumbani kwetu Tanga, marehemu baba hakuruhusu dadu kuingia ndani, hata kama hakuna pesa inayochezwa. Mimi nimeendelea hivyo na watoto wangu. Je, mchezo huu unachezeka bila dadu? Mwanangu ana miaka 12, anapenda hesabu na takwimu, naona ungemfaa.

dada_worcester
Unachezeka kaka, na hilo la mzee lishikeni tu. Badala ya ile dadu ya pande 20, mchezo wenyewe una karata za namba 1 hadi 20, unafunua ya juu. Kwa zile mbili, kata vikaratasi 36 sawasawa. Andika 1-1, 1-2, 1-3 mpaka 6-6, kila jozi mara moja, tia kwenye kikombe. Vingine sita viwe 1 hadi 6 kwenye kikombe kingine, badala ya ile nyeupe. Kila mpigaji unachota kimoja huku, kimoja kule.

babu_wa_beisi_ya_tatu
Na kijana akiupenda, besiboli yenyewe si ya Marekani peke yake. Dar es Salaam, pale Azania Sekondari, kuna uwanja wake, Wajapani ndio waliosaidia kuujenga. Nimewahi kukaa pale mchana mmoja nikimwangalia mtoto wa shule akiwa shotistopu. Mpira ulimjia umeruka vibaya juu ya kokoto, akageuza glavu bila kuangalia, akarusha beisi ya kwanza. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

mpigadadu_columbus
Babu, mimi nimesoma mita chache kutoka pale na sikuwahi kuingia kuangalia. Nikirudi likizo nitakwenda.

Kuhusu kikosi: Henderson nimemwandika, kwa wino. Vya Bell na Yount, na Schmidt na Ozzie, nimeandika karatasi mbili, nitazicheza zote usiku huu na kesho, mechi kumi kumi dhidi ya Guidry na Carlton. Jumatano nitawasilisha moja.

dada_worcester
Mechi kumi ni chache, lakini cheza. Na andika kila mara shotistopu anapoitwa.

kibibi_nakuru
Na umjaribu Kingman tafadhali. Mechi tatu tu.

nassor_muscat
Dada, tumeshakata vikaratasi 36. Kijana anauliza, akishachota kimoja anakirudisha kikombeni au kinakaa nje?

dada_worcester
Anakirudisha kila mara na kutikisa kikombe. Asiporudisha, njia za 7 zitapungua kila ikitoka, na kadi zote zitakuwa zinadanganya. Kuniuliza hilo peke yake, mtoto huyo anaweza mchezo.

nassor_muscat
Amekirudisha. Kilikuwa 4-3.