Yule jamaa wa "hii ni mashine baba" kanijibu shombo leo, na GB 8 zake!

Wakuu, mimi leo siko sawa kabisa. Simtaji, mnamjua wote, ni yuleyule muuza laptopu wa "hii ni mashine baba", hata ukimtajia programu ya kurushia roketi anakwambia inapiga bila kukohoa. Nilimweleza vizuri kabla sijachukua hii laptopu, kwamba kazi yangu ni kutengeneza nyumba kwa 3D na kurenda picha za 4K (yaani kompyuta inapiga hesabu mpaka picha kamili itoke), je RAM, memori ya kufanyia kazi, ya GB 8 itatosha? Akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani. Hii ni mashine baba.

Jana usiku nikaweka sebule. Sebule moja tu wakuu, kochi, zulia, pazia na sakafu ya mbao. Feni ikaanza kulia kama inataka kupaa na meza, nikaiacha irende masaa 11. Asubuhi nakuta asilimia 99. Tisini na tisa! Nikakaa pembeni naikodolea macho, ikaganda, kioo kikawa cheupe, kikaja kijidirisha kinasema memori haitoshi, programu ikajifunga na picha ikaondoka nayo.

Na bado siyo hilo lililoniuma. Nampigia simu nimweleze, akacheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio, halafu ananiuliza "kwani wewe unachora nini, mbingu saba?" Mbingu saba!! Mtu mzima na akili zake. Nikamwambia mfumo wenyewe sijafungua kitu umeshakula zaidi ya GB 3, grafiksi nayo haina memori yake inakopa humohumo kwenye RAM, mimi nabakiwa na nini? Akasema zima uwashe. Nizime niwashe nini wakati kazi ya mteja imeshakufa, na nyuma nawasikia wenzake wanarudia "mbingu saba, mbingu saba" wanaangua kicheko. Masaa 11 wakuu. Asilimia 99. Halafu mbingu saba.

Panya wa Kebo: Pole mkuu ila sebule gani masaa 11, umeweka na majirani?

Fundi Kimya: Hapo kwenye 99 sishangai. Mwishoni programu inaanza kusafisha chenga kwenye picha, na kazi hiyo inataka memori ya ziada, mwenye GB 8 ndo anadondokea hapohapo mlangoni. Halafu angalia tekscha zako, zile picha za kuvalisha vitu kama mbao na kitambaa. Picha ya pikseli 8192 kwa 8192 kwenye diski unaiona MB chache, ikifunguliwa kwenye memori ni MB 256. Ukiweka 12 tayari ni GB 3, bado kochi lenyewe. RAM ikijaa inamwagia kwenye diski ambayo ni polepole zaidi, ndo maana ya masaa 11. Wenye programu ya 3D ya Blender wenyewe wanasema GB 8 ni kima cha chini, wanachoshauri ni 32.

Mleta uzi: Sasa si angeniambia hivyo yeye! Kaniambia mbingu saba!

Bibi Pikseli: Zulia limewekwa unyoya mmojammoja eti? Punguza manyoya kaka, hata mashine ya GB 64 ingelia.

Mleta uzi: Zulia lisilo na manyoya ni turubai.

Kijiti Kimoja: Afadhali wewe utaongeza. Yangu RAM imelehemewa kwenye bodi, hakuna sloti, nimefungua mfuniko nikakuta kumepigwa bapa tupu kama uwanja wa mpira. Na aliyeniuzia ni huyohuyo, aliniambia "utaongeza mbeleni". Mbeleni wapi?

Panya wa Kebo: Huyo huyo alinipa kijiti cha RAM cha DDR5, aina mpya, nikaweke kwenye sloti ya DDR4, aina ya zamani. Kile kipengo cha katikati hakikai sehemu moja, akanambia kandamiza. Kandamiza!

Mzee wa Biti: Nyie watoto. Mimi aliniongezea mpaka GB 16 kisha akaniachia mfumo wa biti 32 ambao mwisho wake ni GB 4. Miezi sita najisifia RAM ambayo kompyuta yangu haiioni.

Bibi Pikseli: 😂😂 mzee hiyo kali, funga uzi

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, asilimia 99 ile...

Chora Logo: RAM siyo shida, shida wateja. Huyu wangu anataka logo "ichangamke kidogo" mara ya tisa sasa, faili lina leya 140, kila nikisevu naenda kuoga narudi bado linasevu.

Bibi Pikseli: Wa kwangu katuma logo yake ndani ya faili la Word, anataka niikuze ijae ukuta mzima.

Kijiti Kimoja: Wa kwangu kapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu, ndo kanitumia.

Chora Logo: Na mwanga wa flashi katikati?

Kijiti Kimoja: Katikati kabisa mkuu, na kidole chake kinaonekana.