Tupeane uzoefu: Nani amewahi kuhamishiwa magoli?

Mwana Kilosa: Wakuu, leo bosi kasema tena "vigezo vimebadilika", nimekumbuka mbali. Niliambiwa nikifikisha targeti ya mauzo napewa mkataba wa kudumu. Nikafikisha. Ikawa targeti ni ya timu nzima. Timu ikafikisha, ikatakiwa diploma. Nikasoma jioni, natoka kazini na njaa nakimbilia darasani. Napeleka cheti, eti sasa wanataka digrii! Waingereza ndiyo wanaita kuhamisha magoli: umeshapiga shuti, mpira uko njiani, milingoti inasogezwa.

Bonde la Msimbazi: Umenigusa mkuu.

Mkopo Bado: Sisi wa mikopo ya elimu ya juu tunalijua hilo. Makato yalikuwa 8% ya mshahara, 2016 sheria ikarekebishwa yakawa 15%.

Chuma cha Reli: Hapo hakuna goli lililohama. Mlikopa, lipeni na wadogo zenu wasome.

Mkopo Bado: Nani kakataa kulipa? Nilianza kujenga kwa hesabu ya 8%. Wangeanza na wakopaji wapya.

Dada wa Makorora: Mahari yangu ilipangwa milioni 2. Mchumba akaleta. Baba mkubwa akadai bado mkaja wa mama na kilemba cha babu. Akaleta. Siku ya kukabidhi, wageni wameshakaa, pilau liko jikoni, baba mdogo akasimama: "Binti amesoma, ongezeni milioni moja." Mshenga akachukua bahasha, wakaondoka wote. Mama aliwafuata hadi barabarani analia. Huu mwaka wa pili. Hajaoa, sijaolewa.

Bonde la Msimbazi: Dada pole! Simu zako anapokea?

Dada wa Makorora: Anapokea.

Chuma cha Reli: Nendeni bomani.

Shangazi Mkubwa: Mwanangu usikimbilie bomani. Tafuta shangazi mmoja anayeheshimika akae na baba yako, bila huyo baba mdogo.

Kipa wa Ndondo: Uwanjani limetokea kweli. 2009, Sweden, Kim Christensen, kipa wa IFK Göteborg, alisogeza milingoti kwa mateke goli lipungue. Mwamuzi akagundua, ikarudishwa. Goli lina vipimo, mita 7.32, huwezi kubishana. Mwana Kilosa, ahadi za bosi zidai kwa maandishi.

Mkopo Bado: Maandishi nilikuwa nayo kazi ya kwanza, nikaambiwa menejimenti ni mpya. Hama tu.

Bonde la Msimbazi: Kilosa, huku kwetu wanatafuta watu wa mauzo. Njoo inboksi.