Naomba ushauri: je, nikimpigia kura mgombea wa chama cha tatu nitakuwa nimeitupa kura yangu?

Mwana wa Ahero: Ndugu zangu wa Kisumu na kwingineko, jambo hili limeninyima usingizi. Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa, na kwa kuwa Katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, mimi pia ni raia wa Marekani. Nimerudi nyumbani kumuuguza mama, lakini sheria ya kule inaniruhusu kupiga kura ya rais ya tarehe 5 Novemba 2024 nikiwa huku. Katika kazi yangu ya kuwahudumia wazee nimeona familia zikifilisika kwa sababu ya bili za hospitali, na katika vyama viwili vikubwa, Democratic na Republican, simwoni mgombea aliye tayari kuling'oa tatizo hilo. Jill Stein wa Chama cha Kijani analisema waziwazi. Dada yangu aliyebaki kule anasema kwamba nikimchagua huyo nitakuwa nimewapa ushindi watu tunaowaogopa sote wawili. Je, ana haki ya kunilaumu?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Mwanangu, sisi tuliopiga kura mwaka 1992 tunalijua swali lako. Upinzani uligawanyika kati ya Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, na Rais Moi akarudi ikulu kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Nilikuwa nikifundisha huko kwenu Nyanza wakati huo, na katika chumba cha walimu kila mmoja aliapa kwamba mgombea wake ndiye aliyestahili kuachiwa nafasi na wengine. Wote watatu walikuwa watu wazito, na hakuna aliyekubali. Msikilize dada yako.

Binti wa Maragoli: Mwalimu, kwa heshima, hali hiyo imebadilika. Leo Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, na asipopatikana mtu wa namna hiyo tunarudi kwa duru ya pili. Mwaka 2013 nilimpigia Musalia Mudavadi, ambaye alipata karibu asilimia 4, huku Uhuru Kenyatta akivuka mstari kwa asilimia 50.07. Jirani zangu walinicheka, lakini kura yangu haikumsaidia Uhuru, kwa sababu kila kura iliyokwenda kwa mwingine ilimweka mbali zaidi na nusu aliyoihitaji. Kijana na apige kura anayoiamini.

Msomaji wa Nakuru: Dada, hayo ni kweli kwa Kenya, lakini yeye hapigi kura Kenya. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani hakuna duru ya pili ya wananchi. Rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na majimbo 48 humpa aliyeongoza wajumbe wote wa jimbo, hata akiwa amepata chini ya nusu ya kura, na ni Maine na Nebraska tu zinazogawa wajumbe kwa namna nyingine. Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima, lakini hakupata mjumbe hata mmoja. Mwaka 2000 George W. Bush wa Republican aliitwaa Florida mbele ya Al Gore wa Democratic, na urais pamoja nayo, kwa tofauti ya kura 537, ilhali Ralph Nader wa Chama cha Kijani alikuwa na kura zaidi ya 97,000 katika jimbo hilo hilo. Kwa hiyo, ndugu mwenye uzi, kabla hatujakushauri, tuambie umeandikishwa katika jimbo gani.

Mwana wa Ahero: Sioni kama jimbo lina uzito mkubwa. Ninauliza kuhusu haki na dhamiri, si hesabu.

Msomaji wa Nakuru: Jimbo ndilo swali lenyewe. California mwaka 2020 iliamuliwa kwa tofauti ya zaidi ya kura milioni 5, na kama ungekuwa mpiga kura wa huko, dada yako asingekuwa na sababu ya kukulaumu. Mbona unalificha?

Mwana wa Ahero: Ni Wisconsin. Niliishi Milwaukee. Sikulitaja kwa sababu nilijua mtanirukia kabla ya kunisikiliza. Niseme pia kwamba karatasi nimeshaijaza na bahasha nimeifunga, ila sijaituma. Chama kikipata asilimia 5 nchini kote, kinastahili fedha za umma katika uchaguzi unaofuata, kwa hiyo msiseme kwamba kura yangu haijengi kitu. Tukingoja hadi vyama vikubwa viturahisishie njia, tutangoja milele.

Msomaji wa Nakuru: Nashukuru kwa ukweli wako. Mwaka 2016 Trump wa Republican aliishinda Wisconsin kwa kura 22,748 dhidi ya Hillary Clinton wa Democratic, na Stein huyo huyo alipata huko zaidi ya 31,000. Mwaka 2020 Biden wa Democratic alishinda hapo kwa kura 20,682. Sisemi kwamba wafuasi wote wa Stein wangemchagua Clinton, kwa sababu baadhi yao wangebaki nyumbani. Hata hivyo, mwaka 2016 Stein alipata takriban asilimia 1 nchini, na kutoka 1 hadi 5 ni mbali mno. Dada yako anaogopa kitu ambacho kipo.

Mama Ushirika, Bungoma: Mimi ninaona kura ni amana, na amana hairudishwi kwa hofu. Mwanamume mzima aliyefunga bahasha yake asituulize sisi ruhusa. Badala yake atuambie mama yake anaendeleaje, maana hilo limesahaulika.

Kijana wa Kondele: Naomba mnisamehe, lakini ninashuku kwamba kisa hiki kimetungwa na mtu wa kampeni. Ubalozi wa Marekani uko Nairobi na hauna kituo cha kupigia kura. Karatasi hiyo ilifikaje Ahero?

Mwana wa Ahero: Sijatunga kitu, ndugu. Sheria ya Marekani inayataka majimbo yawatumie walio ng'ambo karatasi zao siku 45 kabla ya uchaguzi, mradi wameziomba. Yangu ilikuja kwa barua pepe, nikaichapisha mjini Kisumu. Wisconsin inataka shahidi mtu mzima atie sahihi, na kwa sisi tulio ng'ambo si lazima shahidi awe raia wa Marekani, kwa hiyo jirani yetu ndiye aliyetia. Haiwezi kurudishwa kwa barua pepe. Lazima ifike katika ofisi ya uchaguzi ya jiji kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Mama anaendelea vizuri kidogo, asante kwa kuuliza.

Kijana wa Kondele: Habari ya shahidi si kitu ambacho mtu angekibuni. Ninaliondoa neno langu.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Basi mpigie dada yako umwambie ulivyojaza kabla ya kutuma. Asije akalijua baada ya matokeo.

Mwana wa Ahero: Nitampigia leo, Mwalimu. Hata akikasirika, sitabadilisha.

Msomaji wa Nakuru: Mimi ningechagua vinginevyo, lakini kura ni yako. Usiipitishe kwenye mfuko wa ubalozi, kwa sababu njia hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Tafuta kampuni ya vifurushi vya ndege hapo Kisumu, uhakikishe kwamba anwani ya shahidi imeandikwa kamili kwenye bahasha, na uitume kesho asubuhi.