Ajenti akikuambia "watu wenu wako upande ule", anakushauri au anakubagua?

Mama Wawili: Jamani, nisaidieni. Kaka yangu amerudi kutoka Mombasa, pesa ya nyumba anayo, akatafuta ajenti hapa Nakuru. Akamweleza: vyumba vitatu, karibu na shule. Ajenti akaomba kitambulisho, akasoma lile jina la mwisho, akamrudishia. Tangu hapo nyumba zote anazoonyeshwa ziko upande mmoja wa mji. Akauliza ile ya Lanet aliyoiona kwenye tangazo. Jibu: "Pale hutatulia, watu wenu wako upande ule." Mimi naita huo ubaguzi. Nyinyi je?

Ajenti wa Mjini: Dada, usihukumu haraka. Kazi hii niliianza kabla ya vurugu za uchaguzi wa 2007, na nimeona watu wakiondoka na godoro tu, nyumba inawaka nyuma yao. Nikimuuzia mtu mahali na kura ichafuke, lawama ni za nani? Tena wateja wenyewe huuliza majirani ni kina nani hata kabla ya bei.

Mwalimu wa Njoro: Mteja akiuliza, mjibu shule iko wapi, barabara ikoje, hati ni safi au la. Kabila la jirani si lako kuuza. Kifungu cha 27 cha Katiba hakiwafungi serikali peke yao, kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa kabila. Na ile Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyokuja baada ya vurugu hizo hizo unazozitaja, inagusa mpaka uuzaji wa mali. Marekani waliliona hili tangu 1964.

Kijana wa Shabab: Sheria yao ya nyumba ni ya 1968, mwalimu, wiki moja tu baada ya Martin Luther King kuuawa. Ya 1964 ilihusu kazi na mahoteli. Lakini mbona twende Marekani? Hawa mabroka wote ni wezi. Unalipa pesa ya kuonyeshwa nyumba, unapelekwa kwenye nyufa na choo kisicho na maji, ile nzuri inakuwa "imechukuliwa asubuhi".

Mkazi wa Lanet: Nani alisema Lanet ni ya watu fulani? Kwenye barabara yetu kuna Mkisii, Mluhya, Mkikuyu na Mkalenjin, na 2008 tulikesha pamoja getini. Mnajua kinachonikera? Ajenti akimpeleka kila mteja "kwa watu wake" miaka nenda miaka rudi, yeye mwenyewe ndiye anayeugawa mji. Kura zikija, anasema aliwaonya.

Ajenti wa Mjini: Kijana, "wote" ni nani? Mimi nimesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba, chini ya sheria yetu, Sura ya 533. Senti ya kuonyesha nyumba sijawahi kuchukua. Ninalipwa na mwenye nyumba ikishauzwa. Futa hilo neno.

Kijana wa Shabab: Sifuti. Pesa yangu ilirudi?

Mwalimu wa Njoro: Hebu tusimame hapo. Unalipwa na muuzaji, halafu unasema unamshauri mnunuzi?

Ajenti wa Mjini: Nani aliyekula pesa yako, kijana? Ana cheti? Ukimpa mtu wa kibandani pesa bila risiti, usije kunitukana mimi ninayelipia leseni.

Mama wa Free Area: Mimi alinitoza mwenye cheti kabisa, ukutani kwa ofisi kimetundikwa. Nyumba yenyewe ilikuwa na watu ndani, wamekaa mezani wanakula. Niliona aibu mimi, yeye hakuona.

Kijana wa Shabab: Ndiyo hayo nasema!

Ajenti wa Mjini: Mama, mshtaki kwa bodi. Nasema hivyo kwa dhati, hao ndio wanaotuharibia jina.

Mama Wawili: Nisikieni basi. Kaka ameamua kwenda Lanet mwenyewe Jumamosi, bila ajenti.

Mkazi wa Lanet: Mwambie apite kwangu, nitamtembeza. Asitoe deposti kabla ya kufanya sachi ya hati, yaani kuhakikisha kwenye ofisi ya ardhi mwenyewe ni nani, na wakili awe wake, si wa muuzaji.

Mwalimu wa Njoro: Na aweke kando ushuru wa stempu, ule serikali inaotoza mali ikihamishwa. Mjini ni asilimia 4, si 2 kama shambani. Wengi huishiwa hapo.

Kijana wa Shabab: Na asimpe mtu yeyote pesa ya kuona!