Tupeane uzoefu: umelipia hoteli ukapumzike, yaliyokukuta huko?

Mzee wa Foleni
Wakuu, jana nimekaa Mwenge kwenye foleni dakika arobaini, mbele yangu bango: "Wikendi ya wawili, utulivu wa kweli". Nikacheka peke yangu, konda akanitazama.

Mwaka juzi mimi na mama watoto tulitimiza miaka kumi. Nikakamata kahoteli Kigamboni, vyumba vinane tu, makuti juu, bahari mbele. Kwenye picha paradiso. Tunafika saa kumi jioni tunakuta viti mia tatu vimevalishwa nguo nyeupe. Harusi. Hakuna aliyetuambia. Hadi saa tisa usiku MC anauliza "upande wa bwana harusi mko wapi?" na spika ziko usawa wa dirisha letu. Saa sita mke wangu akainuka, akavaa gauni, akasema bora tukale. Tulikula pilau, tukatuza, tukapiga picha na maharusi. Mpaka leo hawajui sisi ni nani.

Haya, mwageni na yenu.

binti_tabata
Kwetu ilikuwa kipaimara. Nakuelewa.

Kobe Mwendo
Kosa lako ni Kigamboni. Ukishavuka kwa pantoni ya mia mbili hapo hujasafiri, umehama kata.

Mjimwema Halisi
@Kobe Mwendo daraja lipo tangu 2016, wewe bado unasimulia pantoni. Na nyie wa Mbezi Beach mnaolala hotelini mnasikia malori ya Bagamoyo Road, ndiyo mapumziko hayo?

Kobe Mwendo
Bora lori kuliko MC.

Shemeji wa Watu
Mimi kilichoniua ni hafu bodi. Nikajua ni chakula chote nusu bei. Kumbe ni chai ya asubuhi na cha usiku, mchana unajitegemea, na maji ya kunywa mezani yanahesabiwa. Watoto watatu, kila mmoja juisi ya ukwaju mara nne kwa siku. Siku ya kuondoka nimeletewa karatasi ndefu kama risiti ya hadweya.

binti_tabata
Beba maji yako kwenye begi.

Shemeji wa Watu
Mlangoni wanakagua dada. Walitoa chapati za mama mkwe mbele ya watu.

Kapteni Hewa
Ulizeni bei ya mkazi kabla ya kulipa na mbebe kitambulisho cha NIDA. Nyingi wana bei mbili, ila hawakwambii mpaka uulize. Na wakikutajia dola waambie kanuni za 2025 zinataka bei za ndani ziwe kwa shilingi.

Kobe Mwendo
Ukiwaambia hivyo wanageuza dola kuwa shilingi, wanaongezea na ya usumbufu.

Mtoto wa Mwalimu
Nilikuwa napita tu, ila hapo kwenye chapati nimemkumbuka mama.

Mama yangu alistaafu ualimu Kilosa. Tukachanga watoto watatu, nikachaguliwa mimi nimpeleke Unguja siku nne. Boti ya asubuhi, kashika rozari mpaka bandarini Malindi, hapo Unguja mjini. Hoteli ilikuwa pwani ya mashariki, vyumba sita, ile ya ukimya hata wahudumu wanatembea kama wanaiba. Kuingia chumbani kitanda kimemwagiwa maua mekundu, juu yake bata wawili wa taulo wamegusanisha midomo. Mama akasimama mlangoni: "Kuna msiba?" Nikamweleza ni mapambo. Usiku ule alilala ukingoni kabisa ili asiwabomoe wale bata.

Asubuhi tunakunywa chai, bahari haipo. Mchanga mtupu, maji ni kamstari kule mbali. Mama akaniuliza kwa sauti ya darasani: "Bahari wameipeleka wapi? Si tumeilipia?" Nikasema itarudi. Nikaenda kulala kidogo, safari ilinichosha.

Naamka saa nane. Chumba cha mama kiko wazi. Simu yake inaita chini ya mto. Kandambili zake ziko kwenye ngazi za kushukia pwani, zimepangwa vizuri, na ule mchanga niliouacha haupo, mawimbi yanagonga ukuta. Wakuu, mama yangu hajui kuogelea. Hata mto Mkondoa alikuwa anauvukia darajani.

Nikapiga kelele. Akaja mlinzi, mpishi na aproni yake, Wajerumani wawili wakaacha vitabu. Mlinzi akaniuliza alitoka saa ngapi, sijui. Alivaa nini, sijui. Akaangalia majini, akaniambia polepole, "Kaka, vijiti wanavyolimia mwani vimeshazama." Nikakaa chini. Hapo hapo dada yangu anapiga simu ya video kutoka Mbeya: "Tuoneshe mama anavyofurahi." Nikamwambia mtandao mbovu, nikakata. Mara tatu.

Saa kumi kasoro akaja mtoto wa kijijini, peku, anauliza nani mwenye bibi wa Kilosa.

Nimemkuta uani kwa watu, kwenye mkeka, kanga imelowa hadi magotini, na wanawake watano wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Alikuwa amewafuata asubuhi maji yalipokauka, akarudi nao. Amejua majina ya watoto wote na anawafokea kwamba bei wanayouzia mwani ni wizi. Akaniona. "Umeamka, baba?"

Siku mbili zilizobaki alishinda pale. Chumba nililipia mimi, mwani walifunga wao. Jumuiya ya kanisani ilipomuuliza safari akasema hoteli nzuri sana, ila watu wake hawana kazi.

Mjimwema Halisi
"Si tumeilipia" 😂😂 nimekufa

binti_tabata
Mimi nimelia kwenye kandambili. Zimepangwa.

Bi Mwani
Nyie wa bara hamuulizi. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika hamsini. Bamvua, mwezi mpevu na mwezi unapoandama, mashariki kule hukauka saa nne saa tano za asubuhi, unatembea mpaka karibu na mwamba. Yakianza kurudi hayakusubiri. Mkitaka kuogelea kutwa nendeni Nungwi au Kendwa, kule maji hayaendi mbali.

Kobe Mwendo
Nungwi kelele tupu. Ukimya uko Paje.

Bi Mwani
Paje ukimya? Ulikwenda mwaka gani, babu?

Kapteni Hewa
Nendeni Aprili au Mei, masika bei zinashuka.

Shemeji wa Watu
Masika nusu ya hoteli zimefungwa zinapaka rangi. Utalala na mafundi.

Mzee wa Foleni
Uzi nilianzisha mimi lakini naona umeshakuwa wa mama. @Mtoto wa Mwalimu dada yako wa Mbeya alijua?

Mtoto wa Mwalimu
Anasoma humu. Sasa amejua.

binti_tabata
Na wale bata je?

Mtoto wa Mwalimu
Mmoja yuko Kilosa kwenye kabati la vyombo, amebanwa na pini tatu asifumuke. Siku ya kuondoka nilikatwa elfu ishirini na tano ya taulo.